Waliohesabu Wasichokiona

Moja kati ya elfu kumi. Hiyo ndiyo namba iliyotoka Toronto, Canada, mwaka 1961, na mimi niliyeishi kwa kuhesabu damu za watu sijui namba nyingine katika fani yetu inayostahili heshima kubwa kuliko hiyo. Kati ya chembe elfu kumi za uloto wa panya, takriban moja tu iliweza kutua katika mwili wa panya mwingine, ikamea na kuzaa ukoo mzima wa chembe za damu. Walioipata namba hiyo hawakuwahi kuiona chembe yenyewe. Walihesabu uzao wake, wakajua mzazi yupo.

Majina yao ni James Till na Ernest McCulloch. Till alikuwa mwanafizikia, mtoto wa wakulima wa nyanda za ngano karibu na Lloydminster, mji uliokaa juu ya mpaka wa Saskatchewan na Alberta. McCulloch alikuwa daktari, mzaliwa wa Toronto, aliyehitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Toronto mwaka 1948. Mmoja alipenda vipimo na mistari iliyonyooka. Mwingine alikuwa mtu wa mawazo mengi, yanayoruka kutoka jambo moja hadi jingine. Walifanya kazi pamoja kwa miaka mingi, na ninaamini hakuna hata mmoja wao angefika pale peke yake.

Mimi ni mtaalamu wa maabara mstaafu, si mtafiti. Nilianza kazi katika hospitali ya mkoa wakati mashine za kuhesabu damu tulikuwa tunazisikia tu. Tulitumia jicho. Unachanganya damu na maji ya Turk, ambayo huvunja chembe nyekundu na kuziacha nyeupe, unadondosha kidogo kwenye kioo cha Neubauer chenye miraba iliyochongwa, unainamia hadubini, unahesabu mraba baada ya mraba, kisha unazidisha. Kwa aina za chembe nyeupe unapaka damu kwenye slaidi, unaitia rangi ya Leishman, unahesabu chembe mia moja huku kidole kikibofya kihesabio. Kazi hiyo inakufundisha mapema kwamba hesabu ya damu ni makisio. Ukihesabu chembe nne, mwenzako anaweza kupata saba kwenye damu ya mgonjwa yule yule, na nyote wawili mko sahihi. Mkihesabu mia nne, mtakaribiana. Tofauti ile haitoki kwenye uzembe. Ndivyo vitu vilivyotawanyika ovyo vinavyojionyesha kwa mtu anayevihesabu, na mtu asiyelijua hilo hataelewa walichofanya Till na McCulloch.

Dirishani kwetu wazazi walikuwa wakiuliza, "Dada, damu ya mtoto ni ngapi?" Ukijibu saba, yaani gramu saba za hemoglobini kwa desilita, wanaelewa. Ukijibu nne, mama anakaa chini. Swali la pili lilikuwa gumu zaidi: sasa hiyo damu itatoka wapi? Kila mtu alikuwa na jibu lake. Juisi ya rozela, matembele, maini. Vyakula hivyo vina msaada wa kweli, kwa kuwa mwili hauwezi kutengeneza damu bila madini ya chuma na vitamini. Lakini chuma hakizai chembe. Chembe nyekundu ikikomaa haina kiini na haiwezi kugawanyika. Huishi siku 120 hivi ikafa. Mwili wa mtu mzima hutengeneza chembe nyekundu mpya zipatazo milioni mbili kila sekunde. Lazima kuna mahali zinapotoka, na lazima hapo mahali pasiishiwe kwa miaka themanini.

Mahali penyewe palijulikana mapema. Mwaka 1868 Ernst Neumann, akifanya kazi Königsberg, alitangaza kwamba chembe nyekundu zinatengenezwa ndani ya mifupa, katika uloto. Ugomvi ulianza kwenye swali lililofuata: je, kila aina ya chembe ina mzazi wake, au zote zina mzazi mmoja? Paul Ehrlich, bwana wa rangi za hadubini, alishikilia kwamba koo ni tofauti. Mrusi Alexander Maximow alisimama Berlin mwaka 1909 akatetea mzazi mmoja wa wote. Nusu karne ikapita. Kila upande ulikuwa na slaidi nzuri, michoro mizuri na macho makali, na hakuna aliyeweza kumshinda mwenzake. Naelewa kwa nini. Ukitazama uloto kwenye hadubini unaona chembe changa za duara zinazofanana mno, zimekufa na kupakwa rangi. Slaidi inakuonyesha chembe ilivyokuwa dakika ile. Haikuambii ingekuja kuzaa nini.

Kilichofungua mlango ni jambo la kutisha. Mwaka 1945 mabomu ya nyuklia yaliangushwa Hiroshima na Nagasaki, na madaktari wakashuhudia watu walionusurika moto na mshindo wakifa wiki kadhaa baadaye kwa kutokwa damu na maambukizi. Uloto wao ulikuwa umekufa. Serikali zilizokuwa zikijiandaa kwa vita vingine zikamwaga fedha katika utafiti wa mionzi, na maarifa yetu mengi kuhusu chanzo cha damu yalilipiwa na hofu hiyo. Sioni sababu ya kulificha hilo tunapowasifu watafiti.

Mwaka 1949, Chicago, Leon Jacobson alionyesha kwamba panya aliyefunikwa bandama kwa madini ya risasi si tu anastahimili mionzi ya kuua, bali pia uloto wake hurudi. Miaka miwili baadaye Egon Lorenz na wenzake walionyesha kwamba ukimchoma panya aliyepigwa mionzi sindano ya uloto wa panya mwingine, anapona. Ni nini kilichomponya? Wengi walidhani ni kemikali fulani inayouamsha uloto uliolala. Jibu lilikuja mwaka 1956 kutoka Harwell, Uingereza, ambako Charles Ford na wenzake walitumia panya wenye kromosomu yenye umbo lisilo la kawaida kama alama. Walipochungulia uloto wa panya waliopona, wakaikuta alama ile. Kwa hiyo chembe zilizochomwa ndizo zilizomea.

Hapo ndipo Toronto inapoingia. Mwaka 1958, katika Mtaa wa Sherbourne, ilifunguliwa Hospitali ya Princess Margaret, na ndani yake Taasisi ya Saratani ya Ontario. Mkuu wa fizikia alikuwa Harold Johns, yule aliyejenga Saskatoon mwaka 1951 moja ya mashine za kwanza duniani za kutibu saratani kwa mionzi ya kobalti-60. Till alikuwa mwanafunzi wake Saskatchewan kabla ya kwenda Yale kuchukua uzamivu. Johns alitaka wanafizikia wakae jengo moja na madaktari na wanabiolojia, wanywe chai pamoja, wagombane juu ya data ile ile. McCulloch alihitaji mtu wa mionzi. Till alihitaji tatizo la kibiolojia. Wakakutanishwa.

Swali lao la kwanza lilikuwa la kiutendaji kabisa: chembe za uloto zinahimili mionzi kiasi gani kabla ya kufa? Ukiwa unatibu saratani kwa mionzi unahitaji kujua hilo. Wakachukua panya wa ukoo mmoja, waliozalishwa ndugu kwa ndugu vizazi vingi hadi mwili wa mmoja usiikatae chembe ya mwingine. Wakawapiga mionzi ya kipimo kinachoua, kisha wakawachoma uloto wa wenzao kwa viwango tofauti: hawa kidogo, hawa zaidi, hawa zaidi ya hapo. Nia ilikuwa kuangalia nani anaishi na nani anakufa.

Jumapili moja ya mwaka 1960 zamu ya kwenda maabara ilimwangukia McCulloch. Panya walikuwa wametimiza siku kumi tangu wachomwe sindano. Alipowapasua akaona vinundu juu ya bandama zao, vidogo kama punje za ulezi, vimejitenga kimoja kimoja. Mtu mwingine angeandika "bandama zimevimba" akaenda zake nyumbani kula. McCulloch akavihesabu. Kisha akachukua karatasi, akaweka idadi ya chembe walizochoma upande mmoja na idadi ya vinundu upande wa pili. Nukta zikajipanga kwenye mstari ulionyooka. Siku iliyofuata akamletea Till ile grafu akiwa na furaha tele.

Nimesoma masimulizi ya Jumapili hiyo mara nyingi, na kila mara ninakaa kwenye ule mstari. Kama kinundu kimoja kingehitaji chembe mbili zikutane ndipo kiote, basi ukiongeza chembe maradufu vinundu vingeongezeka mara nne, na mstari ungepinda kuelekea juu. Haukupinda. Ukiongeza chembe mara mbili, vinundu mara mbili; mara tatu, mara tatu. Maana yake chembe moja inatosha. Na kwa kuwa kila kinundu kilihitaji chembe elfu kumi hivi za uloto kuchomwa, hiyo moja ni adimu. Yote hayo yalisomwa kutoka kwenye mstari uliochorwa kwa penseli, bila mtu kuitia rangi wala kuipiga picha hiyo chembe moja.

Makala yao ilitoka Februari 1961 katika jarida la *Radiation Research*, chini ya kichwa kikavu kuhusu kupima jinsi chembe za kawaida za uloto wa panya zinavyoathiriwa na mionzi. Mwanabiolojia anayetafuta chanzo cha damu angeweza kuipita bila kuifungua. Hawakupiga kelele, na hawakudai kwamba wameshika seli shina, yule mzazi wa chembe zote za damu. Walisema wana kipimo, na kwamba huenda kila kinundu kimetokana na chembe moja. "Huenda" ile naiheshimu. Grafu inaashiria, lakini mbishi angeweza kusema kwamba labda zilitua chembe zilizogandana pamoja, kishada kizima, na hesabu ingebaki ile ile.

Kumjibu mbishi huyo ilikuwa kazi ya mwanafunzi wao wa uzamivu, Andrew Becker. Mbinu yake ilitoka kwenye fikra ya Harwell, lakini akaigeuza. Badala ya kutumia alama waliyozaliwa nayo panya wote wa upande mmoja, aliwapa chembe alama kwa mionzi. Mionzi huvunja kromosomu, na zinapojiunga tena hujiunga vibaya, kila chembe kwa namna yake. Uwezekano wa chembe mbili kupata kovu linalofanana ni mdogo mno. Basi ukikuta kinundu ambacho karibu kila chembe inayogawanyika ndani yake ina kovu lile lile la ajabu, ambalo halipo katika vinundu vingine, huna njia nyingine ya kulieleza: zote ni uzao wa mama mmoja. Becker alivipata vinundu vichache vya namna hiyo, na vichache vilitosha. Makala yake pamoja na McCulloch na Till ilitoka katika *Nature* mwaka 1963. Ndani ya vinundu hivyo mlikuwa na chembe changa za nyekundu, za nyeupe na zile kubwa zinazozaa chembe sahani za kugandisha damu. Maximow alikuwa amefariki tangu 1928. Hoja yake ya mzazi mmoja ilikuwa imepata ushahidi wa aina ambayo hadubini peke yake isingeweza kuutoa.

Mtu wa tatu katika kundi lao, ambaye husahaulika, ni Lou Siminovitch, mtaalamu wa urithi aliyezaliwa Montreal na kufanya kazi katika Taasisi ya Pasteur jijini Paris. Alikuwa amezoea kufikiri kwa virusi na bakteria, ambako kuhesabu vishada ni kazi ya kila siku. Kundi hilo likauliza: je, chembe iliyoanzisha kinundu imeacha wengine kama yeye, au imejimaliza kwa kuzaa? Wakachukua kinundu kimoja kimoja, wakakisaga, wakakichoma kwa panya wapya, wakahesabu vinundu vipya. Vilipatikana. Kwa hiyo chembe ile inazaa damu na pia inazaa iliyo mfano wake. Hiyo ndiyo sifa inayoifanya seli shina iwe seli shina, na ilithibitishwa kwa vitendo.

Lakini majibu yalikuwa na vurugu. Kinundu hiki kilikuwa na chembe nyingi za kuanzisha vingine, kile kilikuwa nazo chache, kingine hakikuwa nayo hata moja, ingawa kwa macho vyote vilikuwa sawa. Tofauti zilizidi sana zile ninazozijua mimi kwenye kioo cha Neubauer. Mtafiti mwenye haraka angelaumu mkono wa msaidizi wake. Till akakataa kuzilaumu namba. Mwaka 1964 wakachapisha wazo kwamba kila seli shina inapofikia kugawanyika ni kama bahati nasibu: huenda ikaacha mbili mfano wake, huenda ikaingia njia ya kukomaa isirudi. Hakuna anayeiamuru chembe hii moja. Kinachojulikana ni uwezekano tu. Wakaigiza jambo hilo kwa namba zilizotolewa kinasibu, wakiweka uwezekano wa kujizalisha kuwa 0.6, na vinundu vyao vya kubuni vikatofautiana kwa mtindo ule ule wa vinundu vya panya halisi.

Wazo hilo liliwakera wengi wakati ule, na hata leo kuna wanaobishana juu ya kiasi gani cha maisha ya seli shina ni bahati na kiasi gani ni amri ya mazingira yake ndani ya mfupa. Mimi nililielewa papo hapo niliposoma, kwa sababu nilikuwa nimekaa na vihesabio miaka mingi. Mwili mzima unaweza kuwa na utaratibu thabiti, damu ya mtu ikabaki kumi na tatu mwaka hadi mwaka, huku kila chembe moja ikienda kwa bahati yake. Wingi ndio unaoleta utulivu.

Madaktari, kwa upande wao, hawakuwa wamesubiri. Mwaka 1957 E. Donnall Thomas alitangaza majaribio yake ya kuwachoma wagonjwa uloto wa watu wengine. Wagonjwa wale wa mwanzo hawakupona. Mwaka 1958 wafanyakazi wa kinu cha nyuklia cha Vinča, Yugoslavia, walipigwa na mionzi kwa ajali, wakapelekwa Paris kwa Georges Mathé, ambako Wafaransa walijitolea uloto kwa ajili ya watu wasiowajua. Mpaka Jean Dausset na wengine walipofumbua siri ya alama za kulinganisha miili, majaribio mengi yaliishia makaburini. Mwaka 1968 mtoto aliyezaliwa bila kinga alipona Minnesota kwa uloto wa dada yake. Thomas alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990, na aliistahili.

Na mwaka 2023, katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, watoto wenye selimundu walianza kupandikizwa uloto hapa hapa Tanzania. Nimepima damu za watoto wa selimundu tangu nikiwa binti. Nimewajua kwa majina, nimewaona wakija na damu nne, wakiongezewa, wakirudi tena. Kwa mtoto aliyepata ndugu anayelingana naye, kinachobadilishwa ni chanzo chenyewe: seli shina za ndugu zinatua kwenye mifupa yake na kuzaa chembe nyekundu zisizojikunja. Kabla ya kupandikiza, wataalamu huhesabu chembe zenye alama iitwayo CD34, na kiwango cha chini kinachotakiwa kwa kawaida ni chembe milioni mbili kwa kila kilo ya mgonjwa. Natamani kila mtaalamu wa maabara anayeandika namba hiyo kwenye fomu ajue ilikotoka.

Haki inataka niseme pia kwamba vinundu vya Toronto havikuwa mwisho wa safari. Mwaka 1982 Maria Cristina Magli, Norman Iscove na Nicolas Odartchenko walionyesha kwamba vinundu vya siku ya nane hutoweka, na vile vya siku ya kumi na mbili ni vingine vilivyochelewa kuota. Chembe nyingi zinazoanzisha vinundu, kumbe, ni wazao wa karibu wa seli shina na si seli shina zenyewe, ambazo ni adimu zaidi. Mwaka 1988 kundi la Irving Weissman, Stanford, likafanikiwa kuzichuja za panya kwa kutumia alama za ngozi ya chembe. Mwaka 1996, Japani, kundi la Hiromitsu Nakauchi likachoma panya chembe moja tu, na kwa baadhi yao ikarudisha damu yote. Namba ya 1961 ilirekebishwa. Njia ya kuuliza swali ilibaki ile ile: usiniambie chembe inafanana na nini, nionyeshe imezaa nini, na ngapi.

Wawili wale walipewa tuzo ya Gairdner mwaka 1969 na ya Lasker mwaka 2005. Till baadaye aliacha panya, akageukia kuchunguza maisha ya wagonjwa wa saratani wakati wa matibabu na jinsi maamuzi yao yanavyofanywa. McCulloch alibaki na damu. Alishughulika miaka mingi na saratani kali ya damu, akishikilia kwamba hata saratani hiyo ina chembe zake chache za msingi zinazoilisha, jambo ambalo John Dick, hapo hapo Toronto, alikuja kulitolea ushahidi kuanzia mwaka 1994. McCulloch alifariki Januari 2011. Julai ya mwaka huo kundi la Dick likachapisha kwamba limeichuja seli shina ya damu ya binadamu, na kwamba moja peke yake, ikichomwa kwa panya, inaweza kuotesha damu ya mtu ndani ya mifupa ya panya huyo.